Alichokuwa Akisoma Mama Usingizi

Mtaani walimwita Mama Usingizi, na mumewe alilicheka jina hilo kila alipolisikia, kwa sababu katika nyumba yao hakuna aliyelala kwa taabu kama yeye. Kazi yake hospitalini ilikuwa kuwalaza wagonjwa ili wapasuliwe bila kusikia maumivu, kisha kuwaamsha. Kuwalaza hakukumtisha. Huko kuwaamsha ndiko kulikomtia tumbo joto kila asubuhi alipokuwa akifunga vifungo vya sare yake.

Wasiwasi alizaliwa nao. Mama yake mzazi alikuwa akisimulia kwamba ukimtuma dukani angali mdogo, atarudi kwanza mlangoni kuuliza itakuwaje kama duka limefungwa. Alipoolewa na fundi bomba, mtu mpole anayelala kama gogo, mume huyo alizoea kumwona akifika getini, anasimama, anageuka kwenda kukagua jiko la gesi.

"Nimelizima mimi mwenyewe," mume anasema.

"Najua," anajibu, huku tayari ameingia jikoni.

Kazini wasiwasi huo ulimfaa. Alianza kama nesi wa wodi, akaenda kusomea usingizi, na tangu hapo ameketi upande wa kichwa cha wagonjwa kwa miaka mingi kiasi kwamba watu humsimamisha sokoni kwa bashasha, wanamshukuru, naye hawakumbuki. "Fumba macho kidogo," huwa anawaambia. "Mimi nawajua watu wakiwa wamelala." Wanacheka, naye anacheka, lakini moyoni anashukuru kwamba huyo naye aliamka.

Mwaka mmoja kabla ya mambo haya walipelekwa semina. Mwalimu wa semina aliwaambia jambo ambalo Mama Usingizi alikuwa akilijua siku zote ila hakuwahi kumsikia mtu akilisema hadharani: mambo yakiharibika ghafla mezani, hata kichwa cha bingwa hujifunga. Mtu anakumbuka kile alichozoea kufanya na kusahau kile kinachotakiwa. Kwa hiyo wakapewa kishikwambi chenye programu ya dharura. Unabonyeza jina la tatizo, hatua zinakuja moja baada ya nyingine kwa maandishi makubwa, ukiweka uzito wa mgonjwa inakupigia hesabu ya dawa. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanatenda.

Daktari wa mifupa, mtu wa miraba minne mwenye utani mwingi, alikishika kile kishikwambi siku kilipoletwa, akakigeuzageuza. "Mimi nikimwona rubani anasoma kitabu namna ya kurusha ndege, nashuka."

"Utashukia wapi, daktari, na ndege iko angani?" Mama Usingizi akamuuliza, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Alikuwa na jibu, lakini utani ule ulimkaa. Tangu siku hiyo hakukishika kishikwambi mbele ya watu. Alikuwa akijifunza peke yake, nyumbani, maharage yakichemka, akiweka matatizo ya kubuni na uzito wa mumewe. Hofu yake ilikuwa moja: watu wamwone anasoma, waseme hajui kazi.

Baadaye kompyuta moja ikapotea ofisini, na mganga mkuu, kwa tahadhari, akakifungia kishikwambi kabatini mwake. "Ukikihitaji, niambie," alisema. Mama Usingizi alitaka kumuuliza kama mgonjwa anayekata roho naye atasubiri ufunguo, akameza maneno. Alichofanya ni kuiweka programu ileile kwenye simu yake. Sheria ya chumba cha upasuaji ilikuwa simu zote ziachwe kwenye kikapu mlangoni. Yake akaanza kuingia nayo, imezimwa sauti, mfukoni mwa nguo za kazi, na kila alipoigusa alijisikia kama mtoto aliyeficha peremende darasani.

Msusi aliletwa asubuhi moja akiwa ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga. Alikuwa ameteleza kwenye maji ya kuoshea nywele saluni kwao, akaangukia kiganja, mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika. Saluni hiyo ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwa Mama Usingizi, na binti yake Mama Usingizi alisukwa hapo kila shule zilipokaribia kufungua. Mwenye saluni alikuwa dada mkubwa wa msusi, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, ambaye baada ya wazazi wao kufariki alimlea mdogo wake huyo na kumsomesha mpaka alipogoma mwenyewe kusoma. Ndiye aliyemleta.

"Nakuachia mtu wangu," alimwambia Mama Usingizi mlangoni. "Sina mwingine."

Maneno hayo Mama Usingizi aliyasikia kila siku, kutoka kwa kila ndugu, na kila siku yalimchoma.

Ndani, msusi alikuwa amejikaza. "Mama Usingizi, mkono huu ndio unaonilisha. Usiulaze moja kwa moja."

"Nitaulaza saa chache tu. Wewe mwenyewe utabaki macho, tupige soga."

Ndivyo ilivyopangwa: sindano ya ganzi karibu na kwapa, mkono mzima ufe ganzi, daktari aunge mfupa bila kumlaza mgonjwa kabisa. Mama Usingizi aliingiza sindano taratibu. Akavuta kwanza kuona kama damu itaingia kwenye bomba, haikuingia. Akasukuma dawa kidogo kidogo, akisimama katikati, akivuta tena, huku msusi akimsimulia habari za mteja mmoja aliyetaka asukwe mtindo wa picha ya gazeti ilhali nywele hana.

"Vidole vinaanza kuwa vya mtu mwingine," msusi akasema.

"Ndivyo tunavyotaka."

Mara msusi akauliza: "Mmewasha feni? Masikio yananivuma."

Chumbani hamkuwa na feni.

"Na mdomoni," msusi akaendelea, ulimi sasa mzito, "kama nimelamba kijiko cha bati."

Mama Usingizi akaacha kusukuma dawa. Alizijua dalili hizo kutoka vitabuni. Dawa ya ganzi, badala ya kukaa kwenye mishipa ya fahamu ya mkono, ilikuwa imepata njia ya kuingia kwenye damu. Hakuwahi kuliona jambo hilo kwa macho, na wengi katika kazi yake wanastaafu bila kuliona.

"Niangalie," alisema. "Niangalie mimi, mdogo wangu."

Msusi hakumwangalia. Macho yalipanda juu, taya likafunga, mwili mzima ukaanza kurukaruka mezani. Mama Usingizi akambandika barakoa ya oksijeni, akaagiza dawa ya degedege, akaisukuma. Degedege likatulia. Wakashusha pumzi, na pumzi hazijaisha mashine ya moyo ikaanza kupiga kelele. Vilele vya kwenye kioo vilivyokuwa vimechongoka vikapanuka, vikawa vizito na vya kuchelewa, halafu havikuwa vilele tena. Akagusa shingo. Hakuna kitu.

"Mapigo hakuna! Kifua!"

Daktari wa mifupa alikuwa ameshafika, mikono miwili juu ya kifua cha msusi, anakandamiza. Nesi mmoja, mwanamke mrefu waliyemwita Twiga, alisimama tayari. Nesi wa pili aliganda mlangoni na mikasi mkononi.

Na hapo kichwa cha Mama Usingizi kikawa cheupe.

Alijua kuna dawa ya jambo hili. Aliiona hata rangi yake, nyeupe kama maziwa. Kiasi chake hakikuja. Nini kinatangulia nini, hakikuja. Badala yake mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaokota bomba la adrenalini, dozi ya kila siku, ile ambayo mikono yake ingeweza kuitoa usingizini. Alijiona kama anautazama mkono wa mtu mwingine.

Simu ilikuwa mfukoni. Kati ya mkono na mfuko palijaa utani wa rubani, kikapu cha mlangoni, miaka yote ya kuonekana mtu anayejua. Akapiga moyo konde.

"Twiga, shika hapa, minya hewa." Akamwachia mfuko wa kupumulia mgonjwa, akageukia meza ya pembeni penye mwanga, akaitoa simu. Kioo kiligoma kutii kidole chenye glavu. Akaing'ata glavu kwa meno, akaivua, akaitema sakafuni. Kidole gumba kikakosea uzito, akafuta, akaandika upya.

Ni wakati huohuo mlango wa ndani ulipofunguliwa. Dada mkubwa alikuwa amesikia kelele kutoka kwenye benchi la nje, akampita mlinzi, akapita mlango wa kwanza, na sasa alikuwa amesimama pale. Alimwona mdogo wake mezani kifua wazi, mwanamume mzima amemlalia kifuani anamponda. Na alimwona yule aliyemkabidhi mdogo wake, amempa mgonjwa kisogo, ameinamia simu, kidole gumba kinapanda na kushuka.

"We mama!" alipiga kelele. "We mama, unafanya nini?"

Nesi wa pili akamsukuma nje. Mama Usingizi hakuinua hata uso. Baadaye alipoulizwa kama alimsikia, alisema alisikia sauti, kama unavyosikia redio ya jirani.

Akarudi kichwani pa mgonjwa, akachukua tena mfuko wa hewa, akampa Twiga simu. "Soma kwa sauti. Usiruke hata neno."

Twiga alisoma kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. "'Simamisha dawa ya ganzi.' Tumesimamisha. 'Ita msaada. Leta dawa ya mafuta ya mshipani.' Iko wapi?"

"Chumba cha dawa, rafu ya chini, mfuko mweupe!" Nesi wa pili akatoka mbio.

"'Adrenalini. Punguza dozi. Usitoe dozi ya kawaida.'"

Bomba la adrenalini alikuwa ameshaliunganisha kwenye mpira wa dripu. Kidole cha Mama Usingizi kilikuwa juu yake.

"Rudia."

"'Punguza dozi. Usitoe dozi ya kawaida.'"

Akalichomoa bomba lile polepole, kana kwamba lingeweza kulipuka. "Kwa uzito wake ni kiasi gani?"

Twiga akasoma tarakimu. Ilikuwa kidogo sana, mtu asingeamini inaweza kumsaidia hata paka. Akaipima, akaitoa. Mafuta yakafika. Akauliza kiasi, akasomewa, akayavuta kwa bomba kubwa na kuyasukuma, mkono ukimuuma kwa uzito wake.

"'Bonyeza hapa kuendelea,'" Twiga akasoma.

"Hilo usisome, libonyeze!" daktari akafoka, jasho likimdondoka kwenye ncha ya pua.

Walipokezana kifua. Daktari, Twiga, nesi wa pili, kisha daktari tena. Kioo cha mashine kilionesha kitu kila walipokandamiza, wakiacha kinalala. Mafuta yakatolewa mara ya pili. Daktari aliuliza bila kumtazama mtu, "Tunaendelea mpaka lini?" na swali hilo kila aliyekuwemo alikuwa nalo kooni.

Twiga alitelezesha kidole, akasoma: "'Usikate tamaa mapema. Moyo unaweza kuchukua zaidi ya saa moja kurudi.'"

Daktari akaendelea kukandamiza. "Haya," akasema. "Njoo unipokee, mikono imekufa."

Moyo ulirudi Twiga akiwa kifuani. Ulianza kwa kusitasita, pigo hapa, pigo pale, kisha yakafuatana. Mama Usingizi aliweka vidole shingoni na hakuviondoa kwa muda mrefu. Hakuna aliyeshangilia. Nesi wa pili aliinama akaiokota ile glavu sakafuni, akaitupa, kwa sababu lilikuwa jambo pekee aliloweza kulifanya bila kulia.

Msusi alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, amelazwa, mashine inampumulia. Mkono wake uliovunjika ulifungwa ubao kama ulivyokuja. Mfupa haukuguswa.

Habari zikatangulia kufika nyumbani kabla ya Mama Usingizi. Dada mkubwa alikuwa na saluni, na saluni haihitaji kipaza sauti. Kufikia kesho yake, mtaa mzima ulikuwa na maneno mamoja: mgonjwa anakufa, Mama Usingizi anachati. Waliotia chumvi walisema alikuwa anacheka. Mmoja aliapa alikuwa anatazama mpira.

Binti yake alirudi mchana akiwa amejifunika kitambaa kichwani. Alikuwa ameenda kumalizia nywele zilizoanzwa na msusi kabla hajaumia. Mama yake akakivua kile kitambaa. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa vizuri, mwingine umesimama hovyo.

"Wamesema niondoke," binti akasema. "Mama, ni kweli ulikuwa na simu?"

"Ni kweli."

Mtoto alisubiri maelezo. Mama alifungua mdomo ayatoe, akaona kila neno litakalotoka litafanana na kisingizio. "Kaa hapa nikufumue," akasema, na akamfumua hadi mwisho, mtoto akivumilia kuvutwa bila kulalamika.

Mganga mkuu alimwita. Malalamiko yalikuwa yameletwa, na dada mkubwa hakuacha kitu. Daktari wa mifupa aliingia bila kuitwa, akasema mbele ya wote, "Bila ile simu tungekuwa tumeshazika," akatoka. Mganga mkuu alimsikiliza, lakini sheria ni sheria.

"Kwa nini ulikuwa na simu ndani?"

"Kwa sababu kishikwambi kiko kabatini mwako, mkuu."

Mganga mkuu alilitazama kabati. Kisha akamwambia akae nyumbani kwanza mpaka mgonjwa ajulikane hali yake.

Kukaa nyumbani kulimmaliza. Aliosha vyombo visafi. Alipanga kabati la nguo, akalipangua. Alimpigia Twiga simu mara nyingi mpaka Twiga akaanza kumjibu kwa neno moja: "Bado." Moyo ulikuwa umerudi, lakini je, kichwa? Muda ule damu ilipokuwa inasukumwa kwa mikono ya watu, ilifika ya kutosha kwenye ubongo? Hilo hakuna programu ya kukuambia.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo hakumwambia hata mumewe kwa siku mbili. Alimwambia walipokuwa wameketi mezani, chakula kikipoa.

"Watu wananilaumu kwa simu," alisema. "Daktari ananisifu kwa simu. Hakuna anayeuliza ile dawa iliingiaje."

"Iliingiaje?"

"Niliichoma mimi. Nilivuta, damu haikuja. Nikasukuma polepole, kama ninavyofundisha wengine. Kiasi kilikuwa sawasawa. Lakini mkono ulikuwa huu." Akauweka juu ya meza kama anamwonesha kitu alichonunua.

Mumewe hakuwa mtu wa maneno. Aliushika mkono ule akakaa nao. "Bomba la maji," alisema, "unaweza kulifunga vizuri likavuja."

"Bomba la maji halina dada mkubwa."

Akacheka mwenyewe kwa kusema hivyo, kicheko kibaya, kisha kilio kikafuata.

Siku ya tatu Twiga alipiga mwenyewe. Mama Usingizi aliitazama simu ikiita, akashindwa kuipokea. Binti yake ndiye aliyeipokea, akasikiliza, akasema, "Mama, anauliza kama wamemkata nywele."

Ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza ya msusi baada ya kutolewa mpira kooni. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini alijua jina lake, alimjua dada yake, na alimwambia nesi aliyekuwa zamu kwamba mtindo wake wa nywele umepitwa na wakati. Mama Usingizi alikaa sakafuni pale pale jikoni.

Alikwenda hospitalini siku ileile, bila sare. Dada mkubwa alikuwa kwenye korido nje ya chumba cha mahututi, macho yamevimba, viatu amevua. Alipomwona, alisimama.

"Umekuja na simu yako?"

"Ninayo," Mama Usingizi akasema. "Naomba nikuoneshe nilichokuwa nasoma."

"Nimeshaambiwa. Daktari wenu amenieleza, yule nesi mrefu amenieleza. Ni programu. Ni maelekezo." Sauti ya dada mkubwa haikushuka hata kidogo. "Sasa niambie kitu kimoja. Mimi nikisuka, sisomi. Umekaa kazi hii miaka mingapi? Kwa nini ulihitaji kusoma?"

Mama Usingizi alikuwa ameandaa maelezo njiani, ya semina, ya vichwa vya mabingwa. Yote yalimponyoka.

"Kwa sababu niliogopa," alisema. "Jambo lile nilikuwa sijawahi kuliona. Nilikuwa nimeshika dawa, kwa kipimo cha kila siku. Kipimo hicho kwake kingeweza kuuzidishia moyo matatizo. Nisingesoma, ningempa."

"Na kuna lingine," Mama Usingizi akaendelea, maana alijua akisimama hapo hataanza tena. "Kilichousimamisha moyo wake ni ile dawa ya ganzi. Niliichoma mimi. Nilifuata kila kitu, na bado iliingia kwenye damu. Hutokea mara chache sana, ikamtokea yeye. Usije ukasikia kwa mwingine."

Mtu alipita na kitoroli cha mashuka, gurudumu moja likilia. Walisubiri apite.

"Siku ile nje nilikuwa nahesabu vigae," dada mkubwa akasema mwishowe. "Nilijua tu kuna kitu. Ungetoka ukaniambia unaogopa, ningekunyonga. Sasa hivi sijui nikufanye nini." Akaketi, akasogea kidogo kwenye benchi. Haikuwa karibu sana, lakini nafasi ilikuwepo, na Mama Usingizi akaketi.

Hawakuwa marafiki baada ya hapo. Dada mkubwa aliendelea kusema anavyojisikia, ila sasa alisema habari zilizo sahihi, na saluni nzima ikajifunza mambo ya dawa ya ganzi kuliko ilivyotaka. Mganga mkuu alimpa Mama Usingizi onyo la maandishi kwa kuingia na simu, na wiki hiyohiyo akakitoa kishikwambi kabatini, kikafungwa kwa mnyororo kwenye mashine ya usingizi. Hakusema neno lolote kuhusu hilo la kishikwambi.

Mfupa bado ulikuwa umevunjika. Usipoungwa mapema ungeshika vibaya, na msusi asingefunga hata fundo la uzi. Ilibidi arudi mezani, safari hii alazwe usingizi kamili. Mganga mkuu alitafuta mtaalamu kutoka hospitali nyingine, ili kila mtu awe na amani. Msusi alikataa.

"Nataka huyohuyo," alisema. "Huyo ameshajua moyo wangu ulivyo mkorofi."

Mama Usingizi alipoambiwa, alikwenda chooni akatapika. Kisha akanawa uso, akarudi, akasema sawa.

Asubuhi ya upasuaji alimkuta msusi kitandani, kimya, hana soga. Akamshika mkono usiovunjika. "Unaogopa?"

"Sana. Na wewe?"

"Sana."

"Afadhali," msusi akasema.

Kabla ya dawa yoyote, Twiga alisimama kando ya kishikwambi na kusoma kwa sauti mambo yote ya kuhakikisha, na kila mmoja akajibu la kwake. Daktari wa mifupa alijibu kama askari, bila utani. Alipomaliza kujibu alisema chinichini, "Rubani, twende," na Mama Usingizi akajikuta anatabasamu nyuma ya barakoa.

Muda wote wa upasuaji hakuketi. Kila kelele ya mashine, hata ile ya kawaida ya kueleza kwamba shinikizo la damu limepimwa, ilimpiga kifuani. Mara mbili aligusa shingo ya msusi, ingawa kioo kilionesha kila kitu kiko sawa, na mara ya pili Twiga alimwona akageuka upande asije akamwaibisha. Mfupa uliungwa. Vyuma vikaingia, ngozi ikashonwa. Akafunga dawa ya usingizi na kusubiri.

Kusubiri huku ndiko alikokuogopa maisha yake yote. Kifua kilipanda na kushuka. Kope hazikucheza. Alimwita kwa jina, hakujibu. Akamwita tena. Daktari alikuwa amevua glavu lakini hakutoka. Akamwita mara ya tatu, kwa sauti ya mama anayemwamsha mtoto wa shule, na msusi akakunja uso, kama mtu aliyekatishwa ndoto nzuri, akafungua jicho moja.

"Kelele za nini?" akanong'ona.

Mama Usingizi alimpeleka mwenyewe chumba cha kuamkia, akakaa naye mpaka alipoweza kuvikunja vidole vyote vitano, kimoja kimoja. Kisha akafungua mlango, akamwashiria dada mkubwa aingie, naye akatoka kwenda kuketi kwenye benchi la korido.